Nampeleka mwanangu chanjo kwa siri, na bibi yake anakohoa usiku kucha

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 26, naishi Tanga mjini na mume wangu, dereva wa lori. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, ametimiza wiki 13 juzi Jumatatu. Tumepanga vyumba viwili na sebule. Nilipojifungua, mama mkwe alishuka kutoka Lushoto akanilea arobaini yote: kunikanda, kunipikia uji wa pilipili manga, kumwogesha mtoto. Sitaki nionekane sina shukrani. Arobaini ilipoisha akabaki, kwa sababu nina biashara ya maandazi na naamka saa kumi alfajiri. Ili nipate usingizi, yeye hulala na mtoto chumba cha pili. Akilia ananiletea nimnyonyeshe, akishiba anamrudisha.

Shida zangu ni mbili na zimeshikana, sijui nianze na ipi.

Mtoto alipochomwa zile za wiki sita, usiku ule alipata joto akalia sana. Mama alimbeba mgongoni mpaka asubuhi. Kulipokucha akasema mbele ya mume wangu, "Huyu hachomwi tena." Mume wangu hakubisha. Nilipomuuliza tukiwa wawili, akanijibu kwamba mama yake amelea watoto saba, mimi nimelea nani? Akaongeza kwamba wakati wa UVIKO walijifukiza nyungu, wakanywa tangawizi na malimau, na wote wako hai. Nikanyamaza.

Wiki ya kumi ilipofika niliaga naenda kununua unga wa ngano. Nikambeba mtoto, nikapitia kliniki. Akachomwa mapaja yote mawili na kupewa matone. Kadi nimeificha chini ya ndoo ya sukari. Jioni paja moja likavimba, gumu kama embe bichi. Mama alipokuwa akimwogesha akaligusa, mtoto akapiga yowe. Akaniuliza, "Hapa pana nini?" Nikasema labda ameumwa na mdudu. Akachukua mafuta ya nazi akawa anampaka taratibu huku anamwimbia. Mshauri, nilitoka nje nikajifanya naanua nguo. Usiku joto likapanda. Mama akasema hiyo ni dalili ya degedege, akachemsha majani, akataka tumfunike blanketi tumfukize. Nilimbembeleza asubiri kwanza nimpe dawa ya homa, nikamnyonyesha, joto likashuka. Kesho yake akamlambisha asali na tangawizi.

La pili ni kwamba mama mwenyewe anakohoa. Hii ni wiki ya nne. Alianza kama mafua, mafua yakaisha, kikohozi kikabaki. Usiku ndiyo balaa. Nguo zimempwaya. Anasema ni vumbi la Tanga na moshi wa maandazi yangu. Mimi nimeshajua ni kifua kikuu, maana mama yangu mdogo alikufa nacho na alianza hivyo hivyo. Nimemtengea kikombe chake cha bluu, sahani na kijiko. Naviosha mwisho kwa maji ya moto na sivichanganyi na vyetu. Hajagundua, au amegundua akaamua kunyamaza. Lakini usiku analala kitanda kimoja na mwanangu, dirisha limefungwa. Kwao ni baridi, hajazoea kulala dirisha wazi, na amebandika boksi kuzuia mbu na moshi wa takataka za majirani.

Nilimgusia hospitali, akasema natafuta sababu ya kumrudisha mlimani. Kisha akasema, "Mwanangu wa nne nilimpeleka mwenyewe zahanati, kwa miguu, anaumwa. Akachomwa sindano. Siku ya tatu nikamzika." Halafu akaendelea kuchambua mchele. Yeye ana kovu kubwa begani la chanjo ya ndui ya utotoni. Anasema ile ndiyo ilikuwa chanjo, hizi za siku hizi hazielewi.

Wiki ijayo ni wiki ya 14 na mume wangu atakuwepo nyumbani, lori liko gereji. Wifi yangu wa Muheza ndiye pekee anayejua, na ananiambia ninyamaze, mtoto wangu, uchungu wangu. Niendelee kwa siri? Nimwambie mume wangu? Au nitafute namna mama arudi kwao mpaka apone?

Mama Kadi Ndooni, Tanga

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa mtoto. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nikikusikia vizuri, umebeba hofu mbili kwa mpigo: mtoto akose chanjo kwa kuogopa ugomvi, na mtoto aambukizwe kwa kuogopa kumvunjia heshima mama aliyekulea arobaini. Juu yake umeweka siri, na siri ina uzito wake.

Nianze na kile kikombe cha bluu, ingawa hukuniuliza. Kifua kikuu, kama kweli ndicho, hakipiti kwenye kikombe, sahani wala kijiko. Mtu mwenye kifua kikuu cha mapafu akikohoa, akipiga chafya, hata akizungumza, vijidudu hutoka na matone madogo sana yakabaki yanaelea hewani. Chumba kikiwa kimefungwa, yanakaa saa nyingi. Kwa hiyo umelinda kabati la vyombo, na chumba anacholala mwanao ndicho kilichozibwa kwa boksi. Sikulaumu. Wengi wetu tulifundishwa hivyo na shangazi zetu, tukaona mgonjwa anatengewa bakuli na watu wote wamelala naye chumba kimoja.

Boksi lile lina hoja zake, mbu na moshi wa takataka ni vya kweli. Chandarua kitawashughulikia mbu, na kama ulipewa kile cha kliniki ulipokuwa mjamzito ndio wakati wa kukitundika. Moshi zungumza na jirani achome mchana, au dirisha lifunguliwe takataka zikishazimika. Dirisha na mlango wa ndani vikiachwa wazi pamoja hewa hupita, na hewa inayopita ndiyo inayoyapunguza matone yale. Baridi ya mama ongeza blanketi. (Mtu wa Lushoto kulalamika baridi Tanga, hapo nilicheka kidogo, samahani.)

Sasa lile neno lako, "nimeshajua ni kifua kikuu." Umejuaje, mwanangu? Umemkumbuka mama yako mdogo, na uchungu huo naupokea. Lakini mwanamke aliyepika kwa kuni miaka yote mlimani anaweza kukohoa kwa sababu ya moshi uliomharibu mapafu. Kuna pumu, kuna maradhi ya moyo, kuna hata dawa fulani za presha zinazokohoza. Na kuna kifaduro, ambacho mtu mzima anaweza kuzunguka nacho wiki nyingi akidhani ni mafua yaliyogoma kuisha. Pengine yeye naye yuko sahihi kuhusu moshi wa maandazi. Ulishamjibu hilo, au ulilisikia kama kisingizio tu?

Sisemi utulie. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi kinatakiwa kipimwe, na chake kina wiki nne na kupungua mwili juu yake. Kipimo chenyewe ni makohozi kwenye kikopo, basi. Katika hospitali na vituo vya serikali kupima kifua kikuu ni bure, na dawa ni bure. Akikutwa nacho, matibabu ya kawaida ni miezi sita, na akizimeza dawa sawasawa uwezo wa kuambukiza hushuka sana ndani ya wiki chache za mwanzo. Mtoto naye atachunguzwa, kwa sababu walio chini ya miaka mitano wanaoishi na mgonjwa hupewa dawa ya kinga. Sindano ya BCG aliyochomwa alipozaliwa inamkinga hasa na kifua kikuu kile kikali cha watoto, kama kinachopanda kwenye utando wa ubongo. Haitoshi kumfanya alale salama kando ya mtu anayekohoa bila kutibiwa. Na asipokutwa nacho, si utakuwa umemnyang'anya mama kikombe bure?

Hapo ndipo naona shida zako mbili zinakutana. Hujui mama anakohoa nini, na mtoto hajamaliza dozi. Chanjo ya Penta ya wiki ya 14 ni ya tatu, na ndani yake kuna kinga ya kifaduro na dondakoo. Ile ya pili ya pajani inakinga bakteria mmojawapo mkubwa anayeleta kichomi. Kifaduro kwa bibi ni kero ya usiku. Kwa mtoto wa miezi mitatu kinaweza kumkata pumzi. Baada ya hapo atasubiri mpaka miezi tisa kwa ya surua, na ya pili miezi 18. Surua ndiyo inayosambaa kuliko karibu magonjwa yote tunayoyajua: virusi vyake hubaki chumbani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Mlango wako ukiwa na foleni ya wanunuzi wa maandazi na watoto wao kila asubuhi, mtoto wako hawezi kuwakwepa watu.

Nirudi kwa mama. Unamwita mbishi, si kwa neno hilo, lakini barua nzima inalisema. Mimi nilisimama kwenye mchele. Mwanamke alitembea kwa miguu na mtoto anayeumwa, akamkabidhi kwa watu wa zahanati, siku ya tatu akazika. Na unasema alipomaliza kusema hivyo aliendelea kuchambua. Wewe ulimwambia nini?

Angalia pia neno lenyewe. Sisi tunasema "sindano" kwa kila kitu. Sindano ya malaria, sindano ya antibaiotiki na sindano ya chanjo zote ni sindano. Mtoto wake alipelekwa akiwa tayari mgonjwa, kwa hiyo yawezekana alichochomwa kilikuwa tiba iliyochelewa, wala si chanjo. Hatutajua, na sikushauri umsahihishe. Mama aliyezika hashindwi kwa hoja. Lakini unaweza kumuuliza mtoto yule alikuwa wa namna gani, aliitwa nani, alianza kuumwa vipi. Huenda miaka yote hii hakuna aliyemuuliza.

Na lile kovu la begani, mbona hukulitumia? Chanjo anayoisifu ndiyo iliyomaliza ndui duniani. Mtu wa mwisho kuugua ndui ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa wa pwani yetu hii, huko Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Alikuwa anafanya kazi hospitalini na bado aliikwepa chanjo, kwa sababu, kama alivyokuja kueleza mwenyewe, aliogopa maumivu ya sindano. Alipanda gari moja na watoto wagonjwa kuwaonyesha njia, safari ya dakika chache, ikatosha. Alipona. Miaka mingi baadaye akawa anapita nyumba kwa nyumba kuwahimiza wazazi wachanje watoto polio, akiwasimulia yaliyompata, na alikuwa kwenye kazi hiyo hiyo malaria ilipomuua mwaka 2013. Msimulie mama jioni moja, bila kuongeza "kwa hiyo". Muache aseme yeye.

Nyungu na tangawizi sitazigombania. Tangawizi hulainisha koo la mtu mzima, na nakumbuka Rais Samia alipochanjwa hadharani Julai 28, 2021, kuna nyumba zilizogawanyika sebuleni hivi hivi kama yako. Kwa mtoto mchanga ni habari nyingine. Kumfukiza ni kumhatarisha aungue, na blanketi juu ya homa ni kuongeza homa. Asali asipewe kabisa kabla ya mwaka mmoja, inaweza kubeba mbegu za bakteria ambao hutengeneza sumu ndani ya tumbo lake changa. Kwenye hili simung'unyi maneno.

Na hapa nikuombe ukae kidogo na usiku ule wa majani. Mama aliona paja limevimba na homa imepanda, akaiuliza akili yake imwambie ni nini. Wewe ulikuwa na jibu, ukampa mdudu. Angejua ni chanjo, homa ya siku moja au mbili ingekuwa na maelezo. Kwa kukosa maelezo akaona degedege. Siri uliyoiweka imlinde mtoto ndiyo iliyomsogeza kwenye mvuke. Sisemi ulikosea kumpeleka. Kumpeleka nakupongeza. Nasema siri hii ina gharama, na hukuihesabu.

Tuangalie basi njia zako.

Ukiendelea kwa siri, mtoto atapata dozi, na hilo si dogo. Lakini safari hii mume yupo, na uvimbe hauna adabu. Akigundua kwa kushika paja, atakachokasirikia kitakuwa kile ulichomfanya yeye, na chanjo yenyewe itaonekana sehemu ya udanganyifu. Itafika ya miezi tisa, utatumia mdudu gani?

Ukimwambia mume wako kwanza, faraghani, unamrudishia nafasi yake ya baba. Kuna hatari akapandisha hasira, akamwita mama au akasimama mlangoni. Wewe ndiye unamjua. Ana hasira za kusema kisha zikaisha, au ni mtu wa mkono? Hukuandika, na kama ni hilo la pili, kila nilichosema kuhusu kufichua kiweke kando, uniandikie tena. Kama ni la kwanza, kuna tofauti kati ya "nilikudanganya" na "niliogopa, nikampeleka, na tangu siku ile silali". Yote mawili ni kweli. La pili linamwachia pa kukaa.

Unaweza pia kwenda na mume kliniki, umwache nesi aeleze. Wanaume wengi hawajawahi kuketi kwenye benchi lile. Wakiketi, wakaona foleni ya akina baba wengine wawili watatu, huwa wanabadilika. Hatari ni kwamba nesi akiwa na haraka, au mkali, utakuwa umeongeza adui.

Kumrudisha mama mlimani sikuzuii kulifikiria. Ila akipanda basi anakohoa, bila kupimwa, shida umeihamishia kwa abiria na kwa wajukuu walioko huko, na yeye ataondoka akiamini alichoshuku tangu mwanzo. Akipimwa kwanza, kurudi au kubaki kutakuwa na maana nyingine.

Wa kumpeleka kupima sidhani ni wewe. Mkwe kumwambia mama mkwe "nenda kapime kifua" ni mlima, hata kama ni kweli. Lakini wifi yako wa Muheza ni binti yake! Amekushauri unyamaze, na ninaelewa alitaka kukulinda, lakini anakohoa mama yake mzazi. Mwombe aje mwishoni mwa wiki, amchukue mama kama anavyomchukua binti yeyote, waende. Na wewe ukitaka kulainisha njia, jipeleke nawe. Mwambie, "Mama, tunalala nyumba moja, tupime wote." Mtu mzima huona aibu kusindikizwa, na pengine ataona afadhali kidogo kusindikizana. Huenda akakataa mara ya kwanza. Wenye umri wake hukataa mara ya kwanza kwa heshima tu.

Wakati majibu yanasubiriwa, mtoto alale kwako. Usiseme ni kwa sababu ya kikohozi, sema maziwa yamejaa usiku na unataka anyonye mara nyingi, ambayo kwa umri huo ni kweli na ni dawa yake. Utapoteza usingizi, nalijua hilo, na maandazi ya wiki mbili yatapungua. Mchana mama abebe mjukuu wake barazani, kwenye hewa, akikohoa ageukie kando na kuziba kwa kiwiko au kwa khanga, anawe mikono. Wekeni kibuyu chirizi mlangoni na sabuni, na kila mtu anawe, dereva akitoka safari, wewe ukitoka sokoni, ili kisiwe kibuyu cha mama peke yake. Mtoto asibusiwe mdomoni na mtu yeyote, na hapo nakusoma wewe pia.

Mtoto akianza kupumua haraka, ukihesabu pumzi 50 au zaidi kwa dakika moja ametulia, au mbavu zinabonyea ndani anapovuta hewa, au anakataa titi, au ana degedege la kweli, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, na kadi uitoe ndooni mbele ya yeyote atakayekuwepo. Daktari atataka kuiona.

Nawe uniandikie baada ya wiki ya 14, hata kama mambo hayakwenda. Nataka kujua mama alisema nini kuhusu yule mpishi wa Merca, na mtoto wake wa nne aliitwa nani. Kile kikombe cha bluu kirudishe kabatini na vingine usiku huu, kabla hajauliza.